Kofia ya Mke wa Anouar

Mchana wa Desemba pale Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, kwenye jua kali la baina ya mvua mbili, mafundi wa karakana hufanya kazi vifua wazi na kuku hujificha chini ya magari mabovu. Ukipita avenyu ya kumi na saba saa hizo, utamkuta mama mtu mzima amekaa barazani kwake, jasho linamtiririka shingoni, na mikononi anafuma kofia nzito ya sufu ya kufunika masikio.

"Mama Anouar," watu humtania, "baridi iko wapi?"

"Iko kwa mutoto yangu," hujibu bila kuinua macho. "We pita na joto yako."

Huyo ndiye Asiya, mjane wa fundi cherehani, na kama hujawahi kukalia kochi lililofunikwa kwa kitambaa chake basi wewe si mtu wa Buyenzi. Sindano yake ya kroshe imeingia kila nyumba, ya tajiri na ya maskini. Mkono wake mwepesi, mdomo wake mkali. Siku moja alifumua vitambaa vya makochi mbele ya bibi harusi aliyekuja kuvichukua, kwa sababu aliona ua moja limekaa upande, na bibi harusi akaenda kuolewa makochi yakiwa uchi. Mtaa ulicheka sana. Asiya hakuona cha kuchekesha. Kazi mbovu kwake ilikuwa sawa na uongo, na watu walijua kwamba mama yule hasemi uongo kwa mdomo wala kwa sindano.

Basi sikilizeni jinsi alivyousema.

Anouar, mwanawe wa pekee, alikuwa fundi wa malori. Alitengeneza magari ya bohari moja kule Zone Industrielle, penye viwanda, na mlangoni pa bohari hiyo kulikuwa na msichana aliyeandikisha malori yanayoingia na kutoka. Jina lake Amélie, mtoto wa mtaa wa Gasenyi, Mkristo, mpole, mwenye Kiswahili cha kutafutatafuta maneno. Ghafla Anouar akaanza kuona kila lori la bohari ile lina ugonjwa. Haukupita muda wakaoana kwa serikali, bila kusubiri mama amalize kununa. Asiya hakwenda. Alisema mguu unamuuma. Mguu haukuwa na kitu, na majirani walijua, maana asubuhi ile ile walimwona anarudi sokoni mbio na kikapu kichwani.

Baadaye wawili hao wakahamia Kanada, mji unaoitwa Sherbrooke, ambako ndugu zake Amélie walikuwa wametangulia. Hapo Asiya akapata wa kumtwika kila kitu. Kwa maneno yake, mwanawe hakuondoka, alichukuliwa. Tangu siku hiyo hakulitamka jina la Amélie. Alisema "huyo", au "mke wa Anouar", na akipandwa na hasira, "yule wa Gasenyi". Alipozaliwa mjukuu wa kike, Amélie ndiye aliyetaka mtoto aitwe Fadhila, jina la marehemu mama yake Asiya. Asiya alifurahi mpaka akalia, kisha akamshukuru Anouar.

Na mtu asije akasema ni mambo ya dini. Rafiki wa Asiya wa kufa na kuzikana ni Consolate, ambaye msalaba wake wa shingoni unaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Noeli Asiya hula kwa Consolate, na Idi Consolate hula kwa Asiya na kuondoka na sahani juu yake. Dini ilikuwa kanzu tu ya kufunikia kitu kingine. Ulikuwa wivu, wivu mtupu wa mama aliyebaki na nyumba kimya.

Mwaka Fadhila alipoanza shule ya watoto wadogo, Anouar alipiga simu mwezi wa kumi.

"Mama, baridi inakuja. Utufumie bone za kichwa na skafu. Za duka ziko, lakini mutoto anaulizaka bibi yake anafanyaka kazi gani. Nataka avae hiyo kazi."

"Watu wangapi?"

"Mama! Si sisi watatu?"

Asiya alijua kuwa ni watatu. Aliuliza makusudi, ili mwanawe ndiye amhesabu huyo, si yeye.

Msafiri alikuwepo. Tajudini, mfanyabiashara wa vipuri wa avenyu ya jirani, alikuwa anakwenda Montréal kumwona binti yake, na kama ilivyo desturi yetu, mtu akisafiri begi lake si lake tena. Huyu ameleta ndagala wakavu, yule unga wa muhogo, mwingine mawese ndani ya chupa iliyofungwa mifuko mitatu. Tajudini aliwatukana wote na kuwapokelea wote. Asiya akaahidiwa kona moja ya begi.

Uzi aliutafuta kwa Consolate, sokoni Ruvumera. Consolate anauza chagua, zile nguo za mitumba zinazofika kwa marobota, na sehemu yake ni masweta. Wanunuzi wake ni watu wa milimani, wa Bugarama na kwingineko kwenye ukungu, maana mtu wa Bujumbura ukimwonyesha sweta anaanza kutoka jasho. Asiya hanunui sweta avae. Hulifumua lote, huosha uzi, na huuanika umefungiwa chupa ya maji ili uzito wake uunyooshe. Lakini kwanza lazima apime. Huvuta uzi mmoja pindoni, huuwasha kiberiti, halafu hunusa. Ukinuka nywele zilizoungua na kuacha jivu la kusagika, hiyo ni sufu ya kondoo, itamfaa mtu kwenye theluji. Ukiyeyuka ukawa kidonge cheusi kigumu, hiyo ni nailoni, inapendeza macho tu na upepo hauijali.

Siku hiyo alichoma nyuzi mpaka watu wa mabanda ya jirani wakaanza kukohoa. Akapata sweta la kijivu kwa Anouar na la rangi ya matofali kwa Fadhila. Consolate akainama chini ya meza, akatoa la tatu, bluu, zito, karibu jipya.

"Hii nilificha. Ya mukwe wako."

Asiya akachoma uzi. Harufu ya nywele ikapanda, safi kabisa. Akalikunja sweta, akaliweka kwenye kikapu, akashukuru.

Kofia na skafu za Anouar alizifuma nzito, mishono imebanana usipitishe hata sindano. Ya Fadhila aliifuma marudufu, yenye masikio ya kufunga kidevuni, na glavu mbili zilizounganishwa kwa kamba ndefu ya kupita ndani ya koti zisipotee. Kila mshono alimsemesha mtoto. Kisha ikafika zamu ya sweta la bluu. Alilitazama siku nzima. Akalifumua, akaliosha, akaliogesha jua, halafu akakaa akamfumia Anouar soksi mbili ndefu na skafu ya pili.

Kwa mke wa Anouar alikwenda dukani akanunua uzi mpya, wa zambarau, wenye uzi mwembamba wa kung'aa ndani yake. Alifika nao kwa Consolate. Pengine alitaka kusifiwa, pengine alitaka kukatazwa, hata mwenyewe hajui. Kwa mazoea ya mkono akawasha kiberiti. Uzi ukajikunja, ukadondosha tone jeusi mezani.

"Asiya," alisema Consolate, "hii inayeyuka."

"Inapendeza."

"Mi sikuuliza kama inapendeza. Nimesema inayeyuka."

"Itamupendeza, ni kijana. Vijana wanapenda rangi."

Consolate alilikwangua lile tone kwa kucha, akamgeukia mteja mwingine.

Asiya akaifuma kofia. Na aliifuma kwa ule mtindo wa makochi, maua yenye matundu, kila ua na majani yake, kazi ambayo ukiiona unasema mama huyu ana mapenzi. Hakuwahi kufuma kitu kizuri kama kile. Ndipo ubaya ulipokuwa, maana alijua anachokifanya. Alikuwa anampaka yule binti mafuta kwa mgongo wa chupa. Nani angemlaumu? Za wengine zilitoka kwenye masweta makuukuu, rangi zimefifia. Ya mkwe mpya, inang'aa, imetoka dukani. Hata angeshtakiwa mbele ya kadhi angeshinda.

Tajudini akasafiri. Mzigo ukafika unanuka ndagala, Anouar akasema hakuna shida, sasa nyumba nzima inanuka Bujumbura. Wakapiga simu ya picha siku ya Jumapili, Asiya akiwa ametoka kusali adhuhuri na huko kwao ndiyo kwanza wanaamka. Fadhila alikuwa anakimbia chumbani na kofia ya rangi ya matofali na glavu zinaning'inia. Anouar alivaa skafu mbili. Kisha simu ikahamishwa, na uso wa Amélie ukajaa kiooni, zambarau kichwani, macho yamejaa maji.

"Mama, urakoze. Urakoze cane, asante sana. Hii yangu ndiyo inapita zote. Mi sikujua... sikujua utanifanyia hivi."

"Ona, Mama amekupendelea!" Anouar alisema kwa nyuma. "Sisi tumepewa za wazee."

Asiya alitabasamu. Alisema avae kwa afya. Akasingizia kuwa chungu kiko motoni, akakata simu, akabaki ameketi na simu mapajani. Hakukuwa na chungu motoni. Kitu kilimbana kifuani, akakiita gesi, akanywa maji ya tangawizi.

Haikuwa gesi. Picha zikaanza kuja. Amélie na Fadhila wamesimama mbele ya theluji iliyofika magotini, na kofia ya zambarau. Amélie kanisani, kofia ya zambarau. Amélie kwenye kituo cha basi alfajiri, anakwenda kazini kwake kulea wazee, taa za barabara bado zinawaka, mvuke unamtoka mdomoni kama moshi wa jiko, na kichwani maua yale yenye matundu. Hakuna picha hata moja aliyokuwa bila kofia ile.

Mwanzoni Asiya alizionyesha picha barazani, kwa kuwa majirani walizidai. Wakamsifu. "Wewe una bahati ya mukwe," walisema. "Wengine wangetupa kabatini." Sifa zile zilimchoma kuliko matusi. Alikuwa mtu wa kurudisha neno kwa neno, lakini sasa alikaa anaokota mabaki ya nyuzi kwenye kanga yake, uso umemshuka. Mama Yasmina, ambaye binti yake yuko Norvège, nchi nyingine ya baridi, akaja na mkoba wake wazi mkononi.

"Unifumie na mi bone ya mutoto yangu. Ile ile ya maua. Ile ya mukwe wako."

"Ile apana," Asiya alisema upesi mno.

"Kwa nini?"

"Uzi umekwisha. Dukani umekwisha."

Consolate alikuwepo, amekaa kwenye kigoda anamenya karanga. Aliendelea kumenya, maganda yanaanguka miguuni pake, na Asiya alitamani angalau angesonya.

Januari ikawa mbaya huko. Anouar alipiga simu siku ya kazi, jambo ambalo si kawaida yake. Karakana yao imefungwa, shule imefungwa, redio inawaambia watu wasitoe ngozi nje hata kidogo. Fadhila alikuwa anachora kwa kidole kwenye dirisha lenye barafu.

"Na mke wako?" Asiya aliuliza.

"Amekwenda kazini. Wazee hawawezi kubaki peke yao."

"Amevaa nini kichwani?"

Anouar akacheka. "Si ile yako! Nimemwambia achukue hii yangu, amekataa. Anasema yake ilifumwa na Mama."

Baada ya simu hiyo Asiya alisali alasiri akapoteza hesabu ya rakaa, akaanza upya, akapoteza tena. Alichukua sindano, mishono ikamkataa. Kila alipofumba macho aliyaona masikio mawili ya mtoto wa watu kwenye kituo cha basi, na upepo unapita kwenye maua aliyoyafuma yeye, tundu kwa tundu, kwa kujua. Mtoto wa watu aliyemwita binti yake Fadhila. Haya ilimpanda kutoka miguuni. Haikuwa ile ya kuogopa watu watasema nini. Alijionea haya yeye mwenyewe, akiwa peke yake chumbani, akajifunika kanga usoni kana kwamba kuna mtu anamwangalia.

Kesho yake akaenda Ruvumera.

"Mi najua unataka nini," alisema Consolate kabla hajakaa. "Unataka nikwambie ni kitu kidogo, ni bone tu. Sikwambii. Mi nilificha lile sweta kwa ajili yake."

"Nitamfumia ingine. Nitatuma."

"Tuma. Na hii ya kwanza utasema ilikuwa nini?"

Asiya akaokota uzi mezani, akauzungusha kidoleni.

"Mupigie simu," alisema Consolate. "Yeye. Si Anouar."

Hapo ndipo Asiya alipogundua kuwa hana namba ya mkwe wake. Miaka yote hiyo alizungumza naye kwa mkono wa pili, simu ikipitishwa kutoka kwa Anouar kama sahani ya mabaki. Ikabidi amwombe mwanawe namba. Anouar akamtumia upesi, bila kuuliza, kama mtu anayeogopa mama asije akabadili nia. Haraka ile nayo ilimuumiza Asiya.

Alipiga jioni, wakati huko ni asubuhi. Simu ikapokelewa. Amélie alikuwa ndiyo kwanza ameingia kutoka kumpeleka mtoto shule, koti halijavuliwa, pua inachuruzika, kofia ya zambarau kichwani ina punje za theluji.

"Mama? Kuna nini? Kuna mutu amefariki?"

"Apana. Hakuna mutu amefariki. Kaa chini."

Amélie akakaa. Asiya alikuwa amepanga maneno tangu asubuhi, maneno mazuri ya mtu mzima, yenye mzunguko. Yote yakamtoroka.

"Hiyo bone usiivae tena."

"Imefanya nini?"

"Ni nailoni. Haina joto. Na mi nilijua." Aliisogeza simu karibu na uso. "Niliichoma na kiberiti, nikaona inayeyuka, nikafuma tu. Anouar nilimpa leni ya kondoo, mutoto nilimpa leni. Yako ilikuwepo pia, ya bluu, Consolate aliniwekea. Nikamfumia Anouar soksi. Nilifanya makusudi. Nilikuwa na roho mbaya juu yako."

Alitamani mtandao ukatike. Mtandao wa Bujumbura, ambao hukatika mtu akitaka tu kusalimia, siku hiyo ulisimama imara kama ukuta. Amélie alimtazama, kisha akainua mikono akavua kofia ya zambarau. Chini yake kulikuwa na kofia nyingine. Nyeusi, nene, ya dukani, imeshika kichwa na masikio, na weusi wake kwenye picha Asiya alikuwa ameudhani nywele.

Asiya akaitazama, asielewe.

"Mama, nilijua siku ya kwanza," Amélie alisema taratibu, akitafuta maneno yake kama kawaida. "Sikufika hata kituo ya basi. Masikio yaliniambia."

"Siku ya kwanza?"

"Siku ya kwanza. Nikanunua hii nyeusi, navaaka chini. Anouar nilimwambia ni ya kazi."

"Anouar hajui?"

"Apana. Angekukasirikia. We ni mama yake."

Asiya akaweka mkono mdomoni. Alikuja amejiandaa kutukanwa, na matusi angeyabeba. Hakujiandaa kusikia kwamba binti huyu amekuwa akimsitiri tangu majira ya baridi yaanze, tena mbele ya mwanawe mwenyewe, na picha zile zote zilikuwa sitara.

"Na kwa nini uliivaa?" aliuliza. "Kama ulijua, kwa nini uliivaa kila siku?"

Amélie aliigeuza kofia mikononi, akapitisha kidole kwenye ua moja.

"Nilihesabu hizi maua. Ziko nyingi. Nikasema, huyu mama alikaa siku nyingi ameshika uzi, na siku zote hizo alikuwa ananifikiria mimi. Kwa hasira, sawa. Lakini ni mimi. Mbele ya hapo hukuwa unanifikiria kabisa."

Barazani mtu alipita akamsalimia Asiya, naye hata hakumwona. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. Alisema nisamehe, akalisema mara ya pili kwa sababu la kwanza halikutoka vizuri. Amélie akaitikia kwa kichwa. Hakusema kwamba si kitu, na Asiya alimshukuru moyoni kwa kutolisema.

Kisha Asiya, kwa kuwa hajui kukaa na mikono mitupu, akavuta kikapu karibu, na mkono ulipogusa sindano ndipo lilipomjia jambo ambalo fundi yeyote huanza nalo. Kofia huanza na kichwa. Cha Anouar alikishika tangu kikiwa cha utosi laini. Cha Fadhila alikiulizia, akapewa kipimo. Hiki cha kofia ya zambarau alikikisia kwa macho tu, kwenye picha ya harusi ambayo hakwenda.

"Kichwa yako iko kiasi gani?" aliuliza.

Amélie akainuka. Akasikika anafungua droo, akarudi na futi ya kamba ya Anouar. Akavua na kofia nyeusi, nywele zikasimama ovyo, akazungusha futi juu ya masikio, akainama kuelekea kwenye simu ili aone vizuri, na akataja kipimo.

Asiya akafumba macho asisahau.

"Sema tena, Amélie," alisema. "Polepole. Nisikosee."